Taa Ndani ya Mnyoo

Mnyoo, nakuandikia kwa penseli.
Wino hufutika ukidondokewa na asetoni,
na umeme wa Nyakato leo umeshakata mara mbili;
friji linakoroma kama mlevi aliyeamshwa.

Tunajuana. Nilikuwa na miaka minane, Kayenze,
walipoegemeza fimbo ya rangi ukutani mwa darasa
wakatupima urefu kama mbao,
kila rangi na idadi yake ya vidonge.
Mimi viwili. Kaka yangu Lubango vitatu,
yeye ambaye tumbo lilimtangulia mlangoni
na miguu ikafuata baadaye, kama deni.
Alitapika nyuma ya choo,
akaenda ziwani kusukutua mdomo.
Maji yale yale.

Kidonge kile hukuua ukishakuwa mtu mzima,
na mke umemkumbatia.
Ukiwa mchanga, wiki tatu tu ndani ya damu,
unakisikia kama mvua ya kijiji cha jirani.
Hapo ndipo nilipokwama miaka sita.

Molekuli arobaini nimezipika.
Moja ilinuka samaki mpaka Bwire, mlinzi,
akaja kuuliza kama nimebakiza kipande.
Ya arobaini na moja ilikukunja.
Ukatulia. Kwa nini?
Nilikuwa nimebisha hodi, mlango ukafunguka,
na sikujua nyumba ya nani.

Ndipo nikawakumbuka watu wa dagaa, Igombe,
usiku usio na mwezi:
hawamtafuti dagaa kwa mikono,
huelekeza taa majini, wakatazama panapochemka.
Nikaifunga molekuli yangu taa,
mkia mdogo wa kijani, atomu kwa atomu,
wiki kumi na moja, vidole vikinichubuka kwa kuosha chupa.
Nikakulisha.

Kumbe si kwenye misuli
(nilivyoapa katika maombi ya fedha).
Umewaka pembezoni, kwenye ngozi,
pale unapojivika vipande vya damu yetu
ili mwili ukudhani ndugu.

Bado si dawa. Bado kuna panya,
kuna ini, kuna figo, kuna kikao cha Alhamisi
na Dakta Nkwimba atakayeuliza bei ya gramu moja.
Lubango hakungoja.

Umeme umekata tena.
Umezimika nawe; taa yako huazima mwanga wa taa yangu.
Sijanyanyua jicho kwenye hadubini.
Giza na liwe giza,
nimeshaona unapokaa.