Mita Moja, Sentimita Moja

Reli yetu ilikuwa ya mita moja,
basi mezani kwangu ni sentimita moja.
Hesabu ya mtoto wa darasa la tatu.
Ni hiyo tu iliyokuwa rahisi.

Mchana natengeneza meno ya watu hospitalini.
Usiku, chumba cha nyuma, Mabatini,
plasta ileile ya kupimia fizi
naimimina juu ya magazeti yaliyofinyangwa
igande iwe miamba,
mawe ya Mwanza, jiwe mgongoni mwa jiwe,
yale ambayo mgeni huuliza nani kayapanga.
Mswaki uliochakaa huyapa mikwaruzo,
makapi ya chai huyapa vichaka.

Mataruma nilianza kwa njiti za kiberiti.
Mia nne na kumi na mbili, nilizihesabu.
Kisha nikashuka Mwanza Kusini kuhakikisha,
nikachutama penye njia iliyoota magugu:
chuma.
Taruma la chuma, limekunjwa kingo
kama sinia lililolazwa kifudifudi.
Nikarudi, nikabandua njiti zote,
nikaanza kukata makopo ya maziwa.

Behewa la pamba lilinitesa zaidi.
Picha ni ya mwaka sabini na nane:
jumuiya imekwisha kufa, herufi zake
zimepakwa rangi juu
na bado zinachungulia.
Unachoraje kitu kilichofutwa?
Nilikiandika kwanza, kwa unywele mmoja wa brashi,
nikangoja kikauke,
nikakifuta kwa huruma.
Marobota ni pamba ya hospitali, nakiri,
ndani ya bandeji iliyochovywa kwenye chai.

Na baba.
Sentimita moja na milimita saba,
taa mkononi, kando ya gati
pale mabehewa yalipokuwa yakiingia melini
juu ya reli zao,
kama watu wanaopanda kitandani na viatu.
Nilimchonga kwa nta ya meno, nikampa kofia.
Taa mkono wa kulia. Kama pichani.

Mama Nshoma, aliyeuza chai pale stesheni,
alikuja kujaribu meno yake ya chini.
Nikamwambia, ukipona kung'ata, njoo nyumbani uone kitu.
Akaja. Akaizunguka meza mara mbili,
meno mapya yakigongana:
"Ziwa mmelihamisha lini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.
"Ukitoka stesheni na kikombe chako,
maji yako huku." Akapiga paja la kulia.
Nikaleta picha. Akaielekeza kwenye balbu,
akaitazama kwa mgongoni.
"Ehe. Ndiyo hii. Aliyeisafisha aliigeuza."

Miaka miwili. Mita tatu za njia.
Miamba, swichi, gati, kibanda cha chai,
vyote vimekaa kama vinavyokaa ndani ya kioo.

Sikulia. Niliketi nikamtazama baba,
ndipo nikakumbuka kijiko,
na kalamu, na nyundo,
na shavu langu, hili la kulia,
ambalo ndilo lililopokea kofi kila mara
tulipotazamana uso kwa uso.
Baba alikuwa mashoto.
Shuleni Misungwi walimfunga mkono ule kwa kamba
muhula mzima
na muhula ulipoisha akaandika jina lake nao.

Nililijua hilo.
Niliamini karatasi kuliko shavu langu.

Sasa nimeanza tena, kutoka upande wa maji.
Plasta hubomoka vizuri ikiloweshwa.
Kichwa cha treni kinalala ndani ya boksi la viatu,
mabehewa yamepangwa juu ya friji,
na mke wangu ameacha kuuliza lini.
Baba peke yake nilimrekebisha usiku uleule:
nilipasha kisu, bega likalainika,
nikaihamisha taa.

Leo asubuhi Mama Nshoma ametuma ujumbe.
Jino moja linambana, anasema,
na mlango wa kibanda chake
haukuwa wa kijani.