Upande wa Ndani

Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani, saa tatu asubuhi,
gari la marehemu kaka limepandishwa jeki
kama ng'ombe anayekaguliwa kwato.
Sempombe anapenyeza mkono nyuma ya tairi, hatazami,
anapapasa tu, kama mkunga.
"Mwalimu," ananiita, "njoo uguse."

Kwa nje kashata zimesimama,
unaweza kuzihesabu kwa kidole.
Kwa ndani, kipara. Nyuzi za waya zinachungulia
kama mvi chini ya hina.
Miezi minane nimeliendesha hivi,
kila Jumamosi nikilipaka dawa ya kung'arisha,
nikisifiwa kituo cha mafuta.
Kikulacho, walisema wahenga. Nguo ya mpira hawakuitaja.

Anaandika kwa chaki sakafuni:
mia mbili tisini na tano, thelathini na tano, ishirini na moja.
Nafundisha hesabu kidato cha pili
na hizi sikuwahi kuzisoma:
upana, kimo cha ubavu, kipenyo cha rimu.

"Hili," analigonga moja jipya, "laini, la mbio.
Linang'ang'ania lami
kama mtoto aliyekatazwa kwenda sokoni na mamake.
Kilomita elfu ishirini, limekwisha."
Anataja bei, kisha anatazama pembeni, kwa adabu.
Manne yake ni mshahara wangu
toka shule ifunguliwe Januari hadi mitihani ya Agosti.

"Na yale ya mtumba, kutoka Uarabuni. Bei ya huruma."
Nageuza ubavu, natafuta tarakimu nne za kuzaliwa:
wiki ya kumi na moja, miaka tisa iliyopita.
Mpira huzeeka hata ukiwa umelala, anasema.
Hasa ukiwa umelala.

Halafu: "Swali moja tu. Unaenda nalo wapi?"

Mbelwa angejibu: popote.
Mbelwa, wakala wa forodha,
aliyenunua gari la kufika mia kwa sekunde nne
katika mji ambao baiskeli ndizo zenye njia.
Alfajiri alilitoa peke yake hadi Pongwe na kurudi;
alichokuwa akikikimbiza hakukisema.
Hakufa kwa mwendo. Figo.
Alinawiri mpaka wiki ya mwisho.

Mimi naenda shuleni. Naenda soko la Makorora.
Na mara moja kwa mwezi, Mombo kupanda Soni, kwa mama:
ukungu, malori ya kabichi yanayoshuka yakinuka breki,
na kipande cha mwisho, udongo mwekundu, mvua isiyopiga hodi.
Kona zile hazikuulizi injini ina farasi wangapi.
Zinauliza umeshika nini.

"Basi tushushe rimu," anasema. "Kumi na tisa.
Ubavu mrefu, mifereji ya kutema maji."
Anapima breki kwa utepe wa fundi cherehani.
Inapita. Kwa unene wa kidole.

"Litaonekana kama bwana harusi aliyevaa kandambili."
"Atafika lakini," anasema Sempombe.

Zile rimu kubwa, kijana mmoja wa Sahare
alikuwa ameshachuchumaa mbele yake akijitazama uso.
Nimemuuzia. Sikupatana sana.
Mkono wangu ulibaki juu ya moja kidogo,
akasubiri, Mungu amlipe.

"Na kabla hujapanda milima, kanyooshe miguu ya gari.
La sivyo na haya yataliwa kulekule."
Naitikia. Naandika kwenye kiganja, kama wanafunzi wangu.

Tairi moja la zamani nimelichukua. Sijui la nini.
Sempombe hakuuliza.
Alilifuta vumbi kwa kitambaa, kwa nje,
akalisimamisha,
akafikiri,
akalifuta na kwa ndani.