Milimita Sifuri

Usiku wa tatu sasa navunja dirisha lile lile,
ghorofa ya pili, karibu na stesheni ya Nakuru,
feni ya kompyuta ikihema kama mwenye pumu.
Tangazo la bima. Sekunde nne tu.
Jiwe lije, kioo kipasuke, sauti nzito iseme: Usijali.

Dirisha nililiunda kwa bapa.
Urefu upo, upana upo, unene sikuutia;
nani ataulizia unene kwa sekunde nne?
Nikamwaga nukta mia mbili juu yake,
kila nukta ikajitwalia eneo lililo jirani nayo,
kama ndugu wanaopimiana shamba la Subukia
matanga hayajaanuliwa.

Nikaachilia jiwe.
Vipande vikaelea kama mbawa za kumbikumbi,
vingine vikapenya sakafu bila hodi
vikaendelea kuanguka, chini ya chini.
Nikavizungukia kwa nyuma: havipo.
Vina mbele tu, kama mdeni mwenye maneno matamu.
Hata vumbi, chembe elfu tatu,
kila chembe ni kiraba bapa kilichofunzwa
kugeuka daima kimkabili mtazamaji,
wapambe wa mheshimiwa mkutanoni.

Asubuhi akaja Njoki wa Bondeni
kutia kioo cha choo, cha kweli, kilichovunjwa na upepo.
Akasimama nyuma yangu, pati kiganjani.
"Hicho ni milimita ngapi?"
"Sifuri."
Akacheka. Akanionyesha kidole gumba,
kovu limekifunga kama gundi ya bahasha.
"Sifuri haijawahi kumkata mtu."
Kisha akaokota kigae, akakigeuza ukingo:
usoni hakina rangi,
ubavuni kijani, kijani kizito cha chupa ya dawa.

Nikalisukuma bapa ndani, milimita nne.
Kuta za ndani nikazipa rangi ile.
Jiwe.
Safari hii vilianguka vitu vyenye uzito.
Kimoja kilisimama wima kwenye zulia,
kikatetemeka, kikafikiri,
kikalala.
Nikajikuta nimevuta miguu yangu chini ya kiti.

Mteja alipiga simu saa nane.
Kazi nzuri, alisema, ila inaogofya.
Hatuna toleo lingine, jepesi,
lisilokata?

Ninalo. Nimelituma.
Kigae cha Njoki kiko mezani,
nimekiegemeza kikombeni,
ubavu ukinitazama.