Sumni

Sumni hapigwi; huombwa.
"Twende, baba," nilimnong'oneza sikioni,
tukaiacha lami ya Konde alfajiri,
mshipi nimeuzungusha kwenye kopo la maziwa,
minyoo ndani ya kifuu.

Kila mwinuko alisimama.
Mimi na Shaame tukashuka, tukamsukuma.
Hapo nani kampanda nani?

Kijito kimejificha chini ya mivule,
maji meusi, kahawa ya msibani.
Kambare akaibuka, sharubu
za karani wa ushuru wa karafuu;
akanitazama, akachukua chambo,
hakutoa risiti.

Jua utosini: perege wawili, wembamba.
"Tukifika nyumbani," kasema Shaame,
"walikuwa saba."

Sumni, mdomo umejaa majani,
hakusema kitu.
Ndiye pekee aliyerudi ameshiba.