Mhakiki wa Safu ya Pili

Nilianza na mashine ya chapa ya shangazi,
herufi r yake imevunjika mguu,
na karatasi tisa nyembamba, kaboni katikati.
Nakala ya kwanza ilisomeka vizuri.
Ya tisa ilikuwa uvumi tu.
Hilo ndilo gazeti langu: kurasa nne, jina lake Kutu,
likazunguka mkono kwa mkono
mpaka karatasi ikalegea kama kitambaa cha jikoni.

Halle, mwaka themanini na tatu.
Makaa ya kahawia yalitupaka masizi puani,
theluji ilianguka ikiwa imekwisha chakaa.
Mchungaji Tietze alitupatia ufunguo wa chumba cha chini ya kanisa.
Muziki wetu hakuupenda. Alipenda mlango ukifunguka.
Na huko, kati ya viti vibovu
na malaika wa plasta aliyepoteza bawa,
niliwasikia Zinki kwa mara ya kwanza.

Ortwin alipiga madebe ya rangi na ngoma moja ya kweli.
Gitaa la Gernot lilichongwa kutoka ubao wa kitanda cha bibi yake.
Ilka hakuimba. Ilka aligombana na hewa
mpaka hewa ikaomba radhi.
Niliandika hivyo hivyo.
Sentensi ile niliionea fahari miaka mingi.

Mchana nilikuwa karani wa bohari ya viatu,
nikihesabu jozi ambazo hazikuwa jozi.
Usiku, treni: Erfurt, Jena, Weimar,
kulala sakafuni kwa watu niliowajua kwa majina ya utani,
kurudi alfajiri masikio yakilia kama birika.
Roki ya chini kwa chini haikumlipa mtu.
Mara moja tu, mtu wa safu ya pili
alinimegea soseji yake. Nilikuwa sijala tangu jana.
Mama akiuliza, utaolewa lini?
Nikijibu, baada ya tamasha la Ijumaa.
Hakuna wiki iliyokosa Ijumaa.

Kisha ukuta ukaanguka, na kila mtu akawa na haraka.
Gernot anauza makabati huko Hannover.
Kaseti pekee ya Zinki, mjomba wake Ilka
alirekodi juu yake mpira wa miguu.
Ilka mwenyewe tulimzika Machi, mvua ikinyesha,
na hakuna aliyekumbuka ubeti hata mmoja mzima.
Za Kutu zimebaki nakala mbili.
Zote mbili ni za tisa.

Ndipo nikaomba faili langu.
Kurasa mia nne na kumi na mbili, kwenye kigari,
kama mgonjwa anayeletwa kupigwa picha.
Jina lake la siri lilikuwa Tausi.
Kikulacho ki nguoni mwako;
changu kilikaa safu ya pili na kupiga makofi.

*Wimbo wa tatu ulichelewa, mpiga ngoma aliangusha kijiti.
Mwimbaji alimngoja, akicheka.
Wimbo wa nne hauna jina. Maneno yake ni haya.*
Na yalikuwa hayo! Beti zote tano,
herufi r zote zikiwa na miguu yake.
*Sauti mbaya,* aliongeza, *lakini haitoki kichwani.*
*Karibu na nguzo, mwanamke wa koti la kijani
aliandika muda wote. Jukwaani hakutazama.*

Koti la kijani ninalo bado.

Kwa hiyo Ilka aliwahi kucheka.
Nilikuwa hatua sita kutoka kwake,
nikitafuta neno zuri la kugombana na hewa.

Karani wa kumbukumbu aliniuliza kwa upole
kama nataka jina halisi. Ni fomu moja, sahihi moja.
Nilinakili beti tano kwa penseli,
nikamrudishia kigari chake.
Usidhani nimesamehe.
Naogopa tu atakuwa yule wa soseji,
kwa sababu ilikuwa ya moto, yenye haradali,
na mpaka leo naikumbuka kuliko nyimbo.