Kipengele cha Uzoefu

Mwezi wa kumi na moja, majoho yakisharudishwa,
wanaanza kuja hapa Sinza Mori, dukani kwangu,
flashi shingoni kama hirizi.
Kuchapa ukurasa elfu moja, kopi shilingi mia,
ushauri sijaupangia bei.

Leo kaja Nsajigwa. Shahada ya uhasibu.
Shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ina makali.
"Dada, nitolee nakala arobaini."
Nikafungua faili. Nikanyamaza kidogo.

Arobaini za nini, mdogo wangu?
Barua hii inamwambia meneja wa benki
kwamba tangu utoto umeipenda sekta ya utalii.
Umeinakili kwa mwenzako, hata jina hukubadili:
hapa chini amesaini Eliakunda.

Akacheka, kisha akaacha kucheka.

Nikamvutia stuli, tukaanza upya.
Anwani hii ya barua pepe, mtoto-wa-mjini na tarakimu zake,
ilikufaa kidato cha tano; iache ipumzike.
"Napenda kusoma, kusafiri na kupata marafiki":
futa. Nani hapendi marafiki?
Wadhamini watatu, umewapigia? Wana habari?
Mhadhiri akiulizwa ghafla kuhusu Nsajigwa
akajibu "yupi huyo?", umekwisha.

Tukafika kwenye uzoefu.
Pameandikwa: Sina.
Neno moja, na nukta yake.

Hapo ndipo wote wanapokwama.
Tangazo linadai miaka mitatu kazini
kwa mtu ambaye juzi tu alikuwa anapanga foleni ya wali kantini.
Kuku kwanza au yai kwanza,
na wewe huna hata banda.

Likizo ulikuwa unafanya nini?
"Nilikuwa kwa shangazi tu, Mbagala."
Tu?
"Ana duka la nafaka. Nilikuwa naandika madeni."
Wadaiwa wangapi?
"Kama sitini hivi. Wengine sugu."
Wakalipa?
Uso ukamkunjuka. "Wote, isipokuwa fundi mmoja aliyehama,
na jirani yetu. Huyo alifiwa, shangazi akamsamehe."

Nikaandika huku namsomea:
kutunza daftari la wadaiwa sitini, misimu mitatu ya likizo;
kufuatilia malipo; kufunga hesabu kila jioni.
"Lakini dada, ile haikuwa kazi."
Nani kakwambia? Madeni yasingelipwa,
shangazi angefungua duka na nini kesho yake?

Umeme ukakatika.
Tulikuwa hatujahifadhi.

Basi tukafanya usaili gizani. Mimi meneja.
Unajiona wapi baada ya miaka mitano?
Akatiririsha ile hotuba ya mtandaoni,
malengo, changamoto, kufanya kazi chini ya shinikizo.
Sema kama unavyozungumza na mama yako kwenye simu.
Kimya. Joto. Jenereta la kinyozi likaanza kukohoa.
"Nataka niwe yule mtu
ambaye hesabu zikigoma, anaitwa."
Hapo hapo. Usiongeze chumvi.

Umeme uliporudi tuliandika yote upya, haraka haraka,
na ikatoka fupi, ikatoka bora.
Alichukua nakala sita.
Kila bahasha na jina la mtu, siyo cheo,
na kila jina alipiga simu kwanza kuuliza linavyoandikwa.
Bado hajapata kazi. Hilo nalijua, na yeye analijua.

Sikumwambia kwamba faili langu limo humu humu,
shahada ya sosholojia, mwaka wa kumi na moja sasa.
Nilikuja kutoa nakala hamsini;
mwenye duka wa wakati ule akanikuta
nasahihisha kwa kalamu bango lake la TUNATOWA KOPI.
Akaniuliza kama najua pia kutengeneza printa.
Nikasema najua. Sikujua.
Usiku ule nilisoma kitabu cha maelekezo hadi alfajiri.

Nsajigwa alilipa, akapokea chenji,
akaihesabu pale pale, mara mbili, midomo ikichezacheza.
"Dada," akasema, "umejipunja mia mbili."