Waya wa Ghorofa ya Nne

Jirani yangu Moraa kanunua gari lisilokohoa.
Usiku huteremsha waya kutoka dirisha la jikoni,
ghorofa ya nne, katikati ya nguo za watu kwenye kamba,
na Lokwang, bawabu, hulichunga
kama ng'ombe aliyezaa juzi.

Mimi nina Probox.
Kila tarehe kumi na nne nasubiri bei mpya ya mafuta
kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu.
Moraa hulala.

Tulikaa kwenye ngazi tukapiga hesabu
nyuma ya risiti ya unga:
yeye, tokeni za mia tatu, siku tatu kazini na kurudi;
mimi, mia tatu hainivushi kesho,
na bado oili, bado plagi,
bado fundi wa Grogan anayeniita mjomba.
Nikanyamaza.
Kisha nikauliza kuhusu mkopo.
Akanyamaza yeye.

Jumamosi stima ikapotea Tassia nzima.
Gari lake likakaa pale, safi, bubu,
sufuria mpya katika nyumba isiyo na unga,
naye ana zamu ya usiku wodini.
Nikawasha Probox. Ikakohoa, ikatema moshi, ikakubali.
Mshale wa mafuta ulikuwa umelala chali;
kituoni alilipa yeye, bila neno.

Niliporudi, stima ilikuwa imerejea.
Nikazima injini; ikaendelea kutetemeka kidogo,
kama mtu aliyeonewa.
Nikautazama ule waya, nikaupima kwa macho.
Mimi nakaa ghorofa ya pili.
Ungefika, na ungebaki.